Gari Lisilotaka Kungoja

Konga alikuja na utepe wa kupimia kabla gari halijatangazwa kuwa limekufa. Alifungua mlango wa nyuma bila kuuliza mtu, akapanda na viatu vyake vyenye ncha, akaanza kupima pale kinapokaa kitanda cha mgonjwa, midomo ikihesabu viti vitakavyoingia. Mimi nilikuwa mbele, kichwa ndani ya boneti, nasikia gari likiyumba kwa uzito wake. Nimeona watu wengi wasio na haya katika nchi hii, lakini hata hao humwacha mgonjwa akate roho kwanza, ndipo wapime sanda.

"Usta, bado unajisumbua?" aliniuliza aliposhuka. Usta ndilo jina la kila fundi hapa Juba, awe anajua kazi au hajui. "Hiki ni chuma tu. Wiki ijayo kiko stendi ya Custom, kinabeba abiria."

Nikamjibu kwamba siku nyingine aje na utepe mrefu zaidi, apime na aibu yake kama itaenea mle ndani. Akacheka. Watu kama Konga ukiwatukana wanacheka, kwa sababu wanajua mgongo wao umeegemea ukuta gani.

Ukuta wenyewe ni dada yake, na dada yake ameolewa na Mudir. Mudir ndiye mkubwa wa zahanati yetu hapa mtaa wa Juba Na Bari. Jina lake ni Celestino, lakini ukimwita Celestino hasikii. Ukimwita Mudir anageuka hata akiwa usingizini. Ndiye aliyeandika kwamba gari la wagonjwa limechoka na halitengenezeki. Kamati ya zahanati ilipangiwa kuja Ijumaa asubuhi kulisikiliza kwa masikio yao. Injini ikitulia, gari linabaki. Ikizimika mbele yao, Konga analichukua, na wagonjwa wa mtaa huu watapelekwa hospitali kubwa kwa boda boda, wamebanwa katikati ya dereva na ndugu yao kama gunia la mkaa.

Mimi si mfanyakazi wa zahanati. Shule niliachia darasa la tatu, kule Koboko tulikokimbilia vita, na ufundi niliupata Kampala kwa kupigwa spana vidoleni. Aliyeniita ni Sista Kerubo, muuguzi Mkenya aliyefanya kazi bega kwa bega na marehemu mke wangu.

"Baba Joy, si ukuje tu uiangalie," aliniambia. "Wakiuza hii gari, tutabeba wagonjwa na nini? Wilibaro?"

Nilitaka kukataa. Hilo gari silipendi. Lakini kuna kitu nilikuwa nakitaka kutoka kwake, nikaenda.

Ugonjwa wake ulikuwa hivi. Barabarani lilikwenda vizuri, lina nguvu, halina neno. Ukisimama, ukaondoa mguu kwenye mafuta, ndipo matatizo yanaanza: injini inatetemeka, inakohoa, usukani unacheza mikononi, halafu kimya. Mafundi tunasema gari halishiki sailensi. Kwa maneno ya nyumbani, ni gari lisiloweza kungoja.

Mwaka jana lilimbeba mke wangu. Victoria alikuwa msaidizi wa wauguzi palepale, akaanguka akiwa kazini, damu imempanda kichwani. Wakamtia garini kumkimbiza hospitali kubwa. Kabla hawajafika wakakuta barabara imefungwa. Wakubwa walikuwa wanapita. Mkubwa gani, sikuuliza. Mimi kwangu wote ni mmoja, na hajawahi kupita taratibu. Askari wakainua mikono, magari yote yakasimama juani. Gari likatetemeka, likazimika, na msafara ulipokwisha kupita na barabara kufunguliwa, halikuwaka tena. Victoria alifia hapo, watu wakipiga honi nyuma yake wakisema toa hiyo takataka.

Basi nilikitaka kitu kimoja: nijue kilichoizima ile injini, na nimjue mwenye mkono wake humo. Na mwenye mkono nilikuwa nimeshamchagua.

Nilianza na petroli. Petroli yetu inauzwa kwenye chupa za maji kando ya barabara, na anayeiuza anaichanganya, na anayemwachia auze anakula naye. Nikakinga kidogo kwenye mtungi wa kioo, nikaiacha itulie, nikingoja maji yajitenge chini. Hayakujitenga. Ilikuwa petroli safi kama ya kanisani. Nilisikitika, maana matusi nilikuwa nimeshayaandaa.

Nikaja kwenye plagi. Niliwasha, nikachomoa waya moja moja kwa kitambaa kikavu, nikisikiliza. Ukichomoa waya ya silinda mbovu, sauti ya injini haibadiliki. Hiyo ndiyo uliyokuwa unaitafuta. Lakini hapa kila nilipochomoa, sauti ilishuka vilevile. Ni kama nyumba ambamo wote wanaumwa tumbo sawasawa: usimtafute mtu, tazama chungu. Nikazifungua plagi zenyewe, nikazikuta nyeupe kama majivu. Injini ilikuwa inakula upepo mwingi kuliko petroli.

Fundi mwenye moyo uliotulia angeanza hapohapo kutafuta upepo unapoingilia. Mimi moyo wangu haukutulia. Nilikuwa nimesikia kwamba Konga ndiye aliyepewa kulifanyia gari hili sevisi mara ya mwisho, nikajisemea: ameiba pampu ya petroli, ameweka ya bandia, petroli haifiki. Nikalala chini, nikashusha tangi, nikaitoa pampu, nikaipima. Ilikuwa nzima. Ilikuwa ileile ya tangu kiwandani, Konga hakuwa hata ameigusa. Siku nzima nilimfanyia kazi mtu nimchukiaye, kutafuta dhambi ambayo hakuifanya, kama vile zile alizofanya hazitoshi.

Alhamisi mchana nilikuwa nimekaa kwenye ndoo, injini inanguruma mbele yangu. Asubuhi, ikiwa ya baridi, ilikuwa imetulia kabisa, nikadhani imepona. Ilipopata moto ikaanza tena kutetemeka. Sunday, dereva wa gari, alikuwa amesimama karibu na mlango wake akiufuta mahali palepale pasipo na vumbi. Mtu mzima, mwenye watoto wakubwa, lakini siku zote hizo alinikwepa macho. Nilidhani anaogopa kufukuzwa kazi.

Kerubo akatoka wodini, chombo chake cha kusikilizia kifua kikining'inia shingoni. Akasimama, akainamisha kichwa.

"Huyu anapiga filimbi," akasema.

Nikamwambia kwamba injini si mtoto mwenye pumu, na kwamba serikalini kwao Kenya labda ndivyo magari yanavyotibiwa. Hakukasirika. Alisema kwao wakisikia filimbi kifuani wanajua hewa inapita pahali pembamba ambapo si pake, na kama mimi naona ni upuzi basi nisogee. Nikasogea, nimwone akijichafua. Akainama na gauni lake jeupe, akaweka kile chombo masikioni, akakipitisha juu ya injini polepole, hapa, pale, nyuma ya bomba la kuingizia hewa, chini, karibu na ukuta unaoitenga injini na dereva. Akatulia.

"Lete mkono," akasema.

Nikaupenyeza mkono nyuma, mahali ambapo jicho halifiki, vidole vikiungua. Nikagusa kitu laini. Mpira wa upepo, ule wa kupitishia hewa ya injini, hauwi laini hivyo. Nikaubana kwa vidole viwili, na injini ikatulia. Nikaachia, ikatetemeka. Nikabana tena, ikanguruma taratibu, kama paka aliyeshiba.

Ulikuwa mpira mwembamba, mfupi kama kiganja. Nikauchomoa, nikauleta juani. Ulikuwa mpira wa dripu. Ule unaoshuka kutoka kwenye chupa ya maji hadi kwenye mshipa wa mgonjwa. Mtu ameukata, akauchomeka mahali pa mpira wa gari, akaufunga ncha zote mbili kwa plasta. Kitu kama hicho kimetengenezwa kwa ajili ya mkono wa mgonjwa, si kifua cha injini. Ukiwa baridi unashika. Ukipashwa moto unalegea kama tambi, upepo unaingia pembeni, na gari linazimika likiambiwa lingoje.

Nasema kweli, nilifurahi. Tangu tumzike Victoria sikuwa nimefurahi hivyo. Dripu ndani ya injini! Wagonjwa wanaambiwa wakanunue dripu madukani Hai Jalaba kwa pesa yao, na dripu iko kwenye gari. Nikaona kesho yake yote mbele yangu: nitauinua mpira ule mbele ya kamati, nitamuuliza Mudir, zahanati yako inaendeshwa hivi? Ulimi wangu ulikuwa umeshaanza.

Kisha nikaiona plasta vizuri. Ncha yake ilikuwa imekunjwa nyuma, kidogo tu, ikaacha kisikio cha kushikia.

Nyumbani kwangu kila kitu kilichobandikwa kina kisikio hicho. Chupa ya mafuta ya taa iliyokuwa ikivuja, kitasa cha mlango, kidonda cha Joy alipokuwa mdogo. Victoria alikuwa akisema, kunja ncha, atakayekuja kubandua asihangaike na kucha.

Sunday aliacha kufuta mlango.

"Baba," akasema, "hiyo ni Mama Joy alinipatia."

Nikamwambia aseme yote. Akasema. Mpira wa gari ulipasuka, akaenda kwa Mudir, akamwonyesha. Mudir akasema ngoja. Akarudi tena, akaambiwa ngoja, bajeti haijaja. Wiki hiyohiyo gari la Mudir lilivikwa matairi mapya, yeye Sunday ndiye aliyetumwa kuyapakia. Akiwa amesimama uani, gari halitoki, akaletwa mwanamke wa kujifungua, mtoto amekaa vibaya. Victoria akatoka wodini, akatazama, akauliza kinachohitajika ni kitu cha namna gani. Akaambiwa ni mpira tu, mwembamba, usiotoboka. Akarudi ndani, akaja na dripu iliyopitwa na tarehe, na mkasi, na plasta.

"Ile mama alifika," Sunday akasema. "Mtoto iko. Sasa anatembea. Mimi ikasema, siku bajeti inakuja nitatoa hiyo kitu. Bajeti haikuja, Baba. Na siku ile barabara imefungwa, mimi ilijua. Mimi ilikaa pale kwa usukani, ikajua."

Nilikaa kwenye ndoo. Kwa muda nilimkasirikia marehemu, nikamkasirikia na Sunday, nikamtazama Kerubo kana kwamba naye ameshika mkasi. Lakini hasira ikikosa pa kukaa inarudi kwa anayeistahili. Mwanamke alitoa alichokuwa nacho mkononi, na kilitosha kuokoa watu wawili. Aliyekuwa na uwezo wa kununua duka zima la mipira alisema ngoja. Sasa niambieni nani aliitia ile dripu kwenye injini.

Niliinuka, nikasema kesho watausikia mpira huu mpaka Nimule, huko mpakani.

Kerubo akanishika mkono. Hajawahi kunishika mkono. "Baba Joy, hapana. Ukionyesha hiyo kitu, Mudir hataongea juu ya gari. Atauliza nani aliiba dripu. Dawa zimekuwa zikipotea kwa stoo, na anatafuta mtu wa kubebeshwa. Mtu amekufa ndiye mzuri. Hawezi kujibu."

Nikajua anasema kweli. Wakubwa wetu wana ujuzi mmoja tu, na huo wanaujua sana: kulipeleka kosa makaburini.

Nikautia mpira mfukoni, nikapanda boda boda mpaka Custom, nikapata mpira wa haki kwa Mganda mmoja anayeuza vipuri karibu na maegesho ya magari ya Nimule. Ni kitu kidogo mno. Uko kwenye ndoo, pamoja na wenzake, kama maharage. Sikuwahi kuona kitu kidogo hivyo kikiniangalia vile.

Ijumaa kamati ilikuja. Mwenyekiti ni Mama Akech, muuza samaki wakavu, mwanamke mwenye kifua kipana na maneno machache. Konga alikuja na utepe wake. Mudir alikuja wa mwisho, kama desturi ya wakubwa inavyotaka, akaliacha gari lake jipya likiwa limekatiza mlangoni kabisa, na dereva wake akaenda zake na ufunguo kutafuta chai. Alivaa miwani myeusi. Alikuja akaitazama injini jinsi mbuzi anavyotazama gazeti: akijiuliza kama inalika.

Niliwakataza wasiisikilize ikiwa baridi. Nikamtuma Sunday alizungushe gari mpaka Hai Jalaba na kurudi, lipate moto wa kweli, akapita kwa kujibana pembeni mwa gari la Mudir. Aliporudi akajibana tena, akalisimamisha uani likinguruma. Nikafungua boneti, nikaweka glasi ya chai juu ya kifuniko cha injini. Ndivyo tulivyofundishwa Kampala. Fundi anaweza kusema uongo, mwenye gari anaweza kusema uongo, lakini chai haijui kudanganya. Injini ikitetemeka, itamwagika.

Chai ilisimama. Juu yake kulikuwa na mviringo mwembamba uliokuwa unacheza katikati, basi.

Mama Akech akauliza kama limepona. Nikasema limepona. Mudir akakohoa, akaniita kwa jina langu.

"Na ugonjwa wake ulikuwa nini, ya Sebit?"

"Mpira wa upepo. Ulipasuka."

"Mpira tu?" Akawageukia wenzake, akitabasamu. "Gari zima, mpira tu. Basi ule wa zamani uko wapi? Tuuone. Maana hapa kuna vitu vinapotea, na watu wanafungafunga vitu ovyo. Nani aliufunga?"

Mkono wangu ulikuwa mfukoni. Nilikuwa naugusa mpira, nagusa kile kisikio cha plasta kwa kidole gumba. Sijawahi kutaka kumpiga mtu kwa kitu kidogo hivyo.

"Nimeutupa," nikasema.

"Fundi gani anatupa ushahidi?"

"Fundi ambaye hajaitwa mahakamani. Wewe uliandika gari halitengenezeki. Limetengenezeka. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu, Mudir, lilikuwa haliwezi kuwangoja wakubwa. Hata mimi nina ugonjwa huo."

Watu wa kamati wakatazama chini, mmoja akaficha mdomo. Mudir akaivua miwani, akamgeukia Kerubo, akaanza kuuliza habari za stoo. Nikaona anakokwenda. Hapo Sunday, ambaye sikumtegemea kwa lolote, akashuka kwenye usukani.

"Mpira ilipasuka, mimi ilileta kwako," akasema. "Mara mingi. Wewe ilisema ngoja."

Sauti yake ilikuwa inatetemeka kuliko gari lilivyowahi kutetemeka, lakini haikuzimika.

Mama Akech alimtazama Mudir. "Alikuambia?"

Mudir akaanza kueleza. Kuna taratibu, akasema, kuna bajeti, kuna wafadhili, kuna mambo ambayo dereva hawezi kuyaelewa. Mama Akech alimsikiliza mpaka akaishiwa, jinsi anavyowasikiliza wanunuzi wanaosema samaki wake wana mchanga.

"Sawa," akasema. "Basi na sisi tutangoja. Injini isizimwe. Tutasimama hapa mpaka hiyo chai ipoe."

Tukasimama juani. Mudir alitazama simu yake, akatazama kivuli kilichokuwa mbali, akafuta shingo. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza mtu kumwambia angoje. Ilimkaa vibaya, kama suruali ya mtu mwingine. Konga alikuwa anauvuta utepe wake na kuuachia, unavutika, unarudi, mpaka Mama Akech akamwambia auweke, anamtia kizunguzungu.

Chai ilikuwa bado vuguvugu simu ya Kerubo ilipolia. Alisikiliza, akageuka. Mwanamke kule chini karibu na mto, uchungu umeanza tangu jana, ameanza kutoka damu. Sunday alikuwa ameshakaa kwenye usukani. Nikaondoa glasi, nikashusha boneti, Kerubo akarukia nyuma, gari likaondoka uani na kusimama palepale mlangoni. Wakati sisi tukingoja chai ipoe, muuza maji wa bomba lililo kando ya mlango alikuwa ameshusha mapipa yake, na upenyo ule wa pembeni haukuwapo tena. Mbele ya gari letu lilikuwa limekatiza gari la Mudir.

"Ngoja," Mudir akasema, akipiga simu. "Dereva anakuja. Ngoja, ngoja."

Dereva hakushika simu. Mudir akapiga tena. Mimi nilikwenda nikasimama karibu na gurudumu la mbele, nikaweka kiganja juu ya boneti. Ilikuwa ya moto. Nilikuwa naijua siku hii, niliwahi kusimuliwa: jua hili, kuzuiwa huku, kwa ajili ya kiti cha mtu ambaye hata hayumo ndani yake. Chini ya kiganja changu injini ilikuwa inanguruma taratibu. Nilingoja ikohoe. Haikukohoa. Mudir alipiga simu mpaka jasho likamtoka, na gari lile likamngoja, likaendelea kumngoja, na halikufa.

Dereva akatokea anatafuna, akaona nyuso zetu, akakimbia. Gari jipya likarudi nyuma. Letu likatoka.

Vumbi halijatulia Mudir akaanza hotuba. Akasema ni furaha yake kwamba, chini ya uongozi wake, gari la wagonjwa limerudi kazini, na kwamba angependa jina la zahanati lipakwe rangi upya mlangoni, na la mkurugenzi chini yake. Mama Akech akaondoka katikati ya sentensi. Konga alikuwa ameshapotea.

Mpira ule niliupeleka nyumbani, nikautia kwenye kopo la sindano na nyuzi la Victoria. Plasta sikuibandua.

Lakini kabla ya hapo nilikaa kwenye ndoo yangu, Mudir bado anahutubia ukuta, nikainywa ile chai. Ilikuwa imepoa kabisa, na haikuwa imepungua hata tone.